Kamera Iliyofika Satawal, na Manahodha wa Kisiwa Chetu

Satawal ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika Visiwa vya Caroline, upande wa magharibi wa Bahari ya Pasifiki, na leo ni sehemu ya Shirikisho la Mikronesia. Eneo lake halifiki kilomita mbili za mraba na watu wake ni mamia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda huko Mmarekani mmoja, Sam Low, mwenye shahada ya uzamivu ya anthropolojia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard na mwenye asili ya Hawaii kwa upande wa baba, akiwa na kamera za filamu. Alikwenda kumrekodi Mau Piailug, nahodha aliyeweza kuvuka maelfu ya kilomita za bahari bila dira, bila ramani na bila chombo chochote cha kupimia. Filamu aliyoitoa mwaka 1983, The Navigators: Pathfinders of the Pacific, nimeitazama mara nyingi huku nikiwafikiria wazee wetu wa Kojani, Tumbe na Msuka, hapa kisiwani Pemba, ambao wana elimu ya ukoo mmoja na ile ya Mau, na ambao ni wachache sana waliowahi kukaa nao kwa subira ya namna ile.

Ili uzito wa kazi ile ueleweke, inafaa kurudi nyuma kidogo. Katikati ya karne iliyopita, wasomi wengi wa Magharibi hawakuamini kwamba watu wa Pasifiki waliweza kuvijaza watu visiwa vyao vyote kwa kukusudia. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl, raia wa Norway, aliondoka Peru kwa chelezo na kujiachia upepo na mikondo ya maji impeleke magharibi, akitaka kuonesha kwamba visiwa vile vingeweza kukaliwa na watu waliotoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1956 Andrew Sharp wa New Zealand akaandika kwamba safari ndefu za wakazi wa visiwa zilikuwa za bahati nasibu, za watu waliopeperushwa na dhoruba wakaangukia ufukweni. Ben Finney, mwanaanthropolojia aliyekuwa Hawaii, hakuridhika na hoja hizo, na mwaka 1973 akaungana na msanii Herb Kawainui Kāne na baharia Tommy Holmes kuanzisha Polynesian Voyaging Society. Walijenga chombo chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, wakakiita Hōkūleʻa, na mwaka 1975 kikashushwa majini.

Chombo kilikuwapo, mabaharia walikuwapo, lakini katika Hawaii nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebaki na elimu ya kukiongoza kwa njia ya wazee. Ilibidi wamtafute Mau kutoka Satawal, mtu wa lugha nyingine na desturi nyingine. Alikubali. Tarehe 1 Mei 1976 waliondoka Maui, na tarehe 4 Juni wakaingia Papeete, Tahiti, baada ya kukata bahari ya kilomita zaidi ya elfu nne, na maelfu ya watu wakashuka ufukweni kuwalaki. Hoja ya bahati nasibu haikuwa na pa kusimama tena.

Jambo ambalo husimuliwa kwa haraka mno ni kwamba safari ile ilijaa ugomvi. Baadhi ya mabaharia walivunja heshima ya chombo, wakazozana kwa maneno na mikono, na Mau, ambaye kwao nahodha hutiiwa kama baba, aliudhika hata akapanda ndege na kurudi kwao badala ya kuwaongoza katika safari ya kurudi Hawaii. Aliwaachia ujumbe katika kaseti akiwataka wasimfuate. Mwaka 1978 Hōkūleʻa ilipinduka baharini na baharia kijana, Eddie Aikau, akapotea alipokwenda kutafuta msaada akiwa juu ya ubao wake wa mawimbini. Ndipo kijana mwingine wa Hawaii, Nainoa Thompson, alipomwendea Mau kumwomba awafundishe, na Mau, pamoja na machungu yote aliyokuwa nayo, akarudi kuwa mwalimu. Mwaka 1980 Nainoa alikiongoza chombo mpaka Tahiti na kukirudisha, na Mau akiwa ndani yake, akitazama na kumwachia mwanafunzi afanye kazi. Sam Low ni binamu wa Nainoa, na alipokwenda Satawal na kamera zake hakuwa mgeni aliyesikia habari za watu wa ajabu. Alikuwa anaitafuta elimu ambayo ukoo wake mwenyewe uliipoteza. Naona hilo ndilo linaloifanya filamu yake ipumue tofauti na filamu nyingi zilizopigwa na watu waliokwenda kushangaa.

Darasa la Mau lilikuwa chini, juu ya jamvi. Mwalimu hupanga vipande vya mawe ya matumbawe kwa mduara, na kila kimoja ni mahali nyota fulani inapochomoza au inapozama. Watoto hukaa kuuzunguka mduara na kutaja majina, kisha hutaja nyota iliyo mkabala wa kila moja, kisha hutaja visiwa vilivyo chini ya kila nyota kama mtu angeondoka Satawal, kisha kama angeondoka kisiwa kingine, mpaka ulimi uzoee na moyo uhifadhi. Vituo vya mduara huo ni 32. Nyota moja ikipanda juu mno haifai tena, hivyo baharia huifuata nyingine inayochomoza mahali pale pale, na nyingine baada yake, mpaka alfajiri.

Nilipousikia mduara wa vituo 32 nilimkumbuka Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye katika karne ya 15 alieleza dira ya nyota ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, yenye mafungu 32 yaliyopewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapozama, na ambaye alitunga pia utenzi wa njia za pwani yetu mpaka Sofala. Sidai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Sababu iko angani kwenyewe. Satawal iko kiasi cha nyuzi saba kaskazini ya ikweta na Pemba kiasi cha nyuzi tano kusini yake, na katika latitudo hizi nyota huchomoza karibu wima, zikakaa muda mrefu juu ya kituo kimoja cha upeo wa macho kabla ya kukengeuka. Mtu wa Ulaya ya kaskazini anaona nyota zikipanda kwa mshazari, na kwake nyota moja hawi nayo kama mwelekeo ila kwa dakika chache. Watu wa ikweta walipewa mbingu inayosomeka, na katika bahari zote mbili waliisoma.

Tena Mau alikuwa na hesabu ambayo mwanzoni huonekana ngeni. Alikiweka chombo chake, katika fikra, mahali pamoja pasipoondoka, na visiwa ndivyo vilivyosogea. Kisiwa anakokwenda kinamjia, alikotoka kinarudi nyuma, na kisiwa cha tatu kilicho kando, asichokiona, kinahama kutoka chini ya nyota moja kwenda chini ya nyota nyingine. Kwa kuhesabu kisiwa hicho kimepita nyota ngapi, alijua amekata kiasi gani cha safari. Usiku wenye mawingu alilala ndani ya chombo akasikiliza kwa mwili wake mawimbi makubwa yanayotoka mbali, kila moja na upande wake, na kutoka katika mtikisiko huo akajua chombo kimepinda au kimenyooka. Inasimuliwa kwamba babu yake alimchagua angali mchanga, akawa anamlaza katika vidimbwi vya ufukweni ili azoee mwendo wa maji.

Mimi ni mzaliwa wa Wete na mjukuu wa nahodha wa majahazi, na elimu niliyoisikia barazani utotoni ilikuwa ya hesabu hiyo hiyo ya mbingu, upepo na maji. Babu alijua lini kaskazi inaanza kusimama na lini matlai inaingia, alijua bamvua na maji mafu bila kutazama kalenda ya ukutani, na alikuwa akilitazama kundi la nyota liitwalo Kilimia kwa makini ambayo siku hizi watu huiweka katika simu zao. Bado wapo wanaoikariri kauli kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Lakini nikiwauliza vijana wanioneshe Kilimia kwa kidole, wengi wananionesha nyota yoyote inayong'aa.

Iko pia hesabu ya Nairuzi, kalenda ya jua ya wazee wa pwani yetu. Mwaka wake ni wa siku 365 zisizoongezwa siku moja kila baada ya miaka minne, umegawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi, na siku tano zinazobaki huitwa gatha. Kwa hesabu hiyo wazee walijua mwongo upi ni wa kutega, upi ni wa kufunga safari ya dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na kwao, upi ni wa kuvuta chombo pwani na kukikalafati. Kila mwezi wa Julai watu humiminika Makunduchi kutazama Mwaka Kogwa, sherehe ya kuanza mwaka wa Nairuzi, na kamera ni nyingi kuliko wanaocheza. Zinarekodi kibanda kinapochomwa, zinarekodi wanaume wanapopigana kwa migomba, zinawarekodi wanawake wakiimba kwa nguo zao nzuri. Yote hayo ni mazuri na yanastahili kurekodiwa. Lakini kilichoizaa siku ile ni hesabu ya siku 365, na hesabu hiyo haina moshi wala ngoma. Ni mzee mmoja aliyeketi akihesabu. Natamani kwa dhati kwamba katika kamera zote zile angalau moja ingebaki Makunduchi baada ya watalii kuondoka, iwekwe mbele ya mzee huyo, na isizimwe mpaka aeleze mwongo wa mwisho.

Udugu wetu na watu wa Pasifiki haukomei angani. Ngalawa tunayoiona kila asubuhi Nungwi, Kojani na Jambiani, yenye mirengu miwili inayoizuia isipinduke, ni ya jamii moja na mitumbwi ya Pasifiki; chombo cha Satawal kina mrengu mmoja upande mmoja, chetu kina miwili. Wataalamu wengi wanaona kwamba ufundi huo ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na watu wa Kiaustronesia, wale wale ambao wajukuu wao wapo Madagaska wakisema lugha iliyo karibu zaidi na lugha za Borneo kuliko lugha za Bara letu. Na kama mafundi wa Satawal wanavyofunga vyombo vyao kwa kamba za nazi, ndivyo ulivyoshonwa mtepe wa pwani yetu, chombo kisicho msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mmoja kwa ajili ya makumbusho ndani ya Beit al-Ajaib, nami nilikuwa nikienda kuutazama kila nikifika Mji Mkongwe. Disemba 2020 sehemu ya jengo lile iliporomoka. Tangu hapo nimezidi kuamini kwamba elimu iliyowekwa mahali pamoja tu, hata pakiwa pa fahari namna gani, haijawekwa salama.

Kamba zenyewe zilikuwa kazi ya wanawake. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja na huku Pemba walifukia makumbi katika mchanga wa pwani, wakayaacha miezi maji ya chumvi yayalainishe, wakayafukua, wakayapondaponda kwa rungu, wakatoa usumba na kuusokota kwa viganja. Wapo wanaoendelea mpaka leo, lakini kamba za nailoni ni rahisi, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wengi walipata njia nyingine ya fedha pwani pale pale. Siwalaumu hata kidogo. Anayesokota kamba ana watoto wa kuwapeleka skuli, na haki yake ya kuchagua kazi ni kubwa kuliko hamu yangu ya kurekodi.

Vivyo hivyo kwa wavuvi. Boti za faiba na mashine zimewapunguzia hatari, na kifaa cha satelaiti kinamrudisha nyumbani mtu aliyekumbwa na ukungu au mvua ya ghafla. Hakuna mwana wa Pemba aliyewahi kungoja chombo kisichorudi atakayesema vifaa hivyo viachwe. Ninachosema ni kwamba mashine huzima na betri huisha mkondoni hapa hapa, kati ya Pemba na Unguja, na baharia anayejua pia upande wa kaskazi na mahali Kilimia kinapochomoza ana njia mbili za kurudi kwao, na mwenzake ana moja.

Suala linalonishughulisha zaidi ni la nani mwenye haki ya elimu hii. Satawal na visiwa jirani, nahodha huingizwa katika daraja lake kwa sherehe iitwayo pwo, na sehemu kubwa ya elimu ilikuwa ya siri, ikirithiwa ndani ya koo. Mau alipowafundisha watu wa Hawaii na kukubali kamera, wapo watu wa kwao waliomkasirikia, na sidhani kwamba hasira yao ilikuwa ya kijinga. Yeye alipima hatari mbili. Vijana wa kisiwa chake walikuwa wanakwenda skuli za mbali na kurudi bila hamu ya mawe ya mduara, na aliona kwamba siri isiyo na mrithi hufa pamoja na mwenyewe. Akachagua kufundisha. Mwezi Machi 2007, kwa mara ya kwanza baada ya makumi ya miaka, ilifanyika pwo Satawal, na miongoni mwa walioingizwa walikuwamo Wahawaii watano, Nainoa akiwa mmoja wao. Mau alifariki Julai 2010. Miaka michache baadaye Hōkūleʻa ilizunguka dunia, ikaikata Bahari yetu ya Hindi kupitia Mauritius na kufika Cape Town mwishoni mwa 2015. Na mwaka 2021 UNESCO iliuorodhesha uongozaji na ujenzi wa vyombo wa watu wa Caroline katika urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, jambo linalotukumbusha kwamba filamu, vitabu na sifa zote zile hazikuiondoa hatari kule ilikoanzia.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu katika kurekodi kwangu elimu ya wazee wetu, na naueleza hapa kwa sababu wapo vijana Unguja na Pemba wenye simu nzuri na nia nzuri wanaouliza waanzie wapi. Simrekodi mzee peke yake akiihutubia kamera. Namwomba amwite mjukuu wake, au kijana wa jirani anayevua, na anayeuliza maswali ni huyo kijana. Mzee akimweleza mgeni mwenye kamera husema mambo ya jumla na ya kupendeza. Akimweleza mtu atakayeingia chomboni kesho, husema mambo ya lazima. Hurudia, hukosoa, hukasirika, humshika mkono na kuuelekeza upande unaofaa. Mzee mmoja wa Kojani alimkatiza mjukuu aliyekuwa akitikisa kichwa kwa adabu na kumwambia, "Usiniitikie, babu. Nioneshe." Kijana akalazimika kusimama na kuonesha upande wa rasi ya Kigomasha gizani, na alipokosea, darasa likaanza upya. Sehemu hiyo ni ndefu, haina muziki, na kwangu ndiyo bora kuliko zote.

Jambo la pili ni lugha. Naacha Kipemba kibaki kama kilivyo, wala siweki sauti ya kunyoosha maneno juu yake, kwa sababu majina ya pepo, ya miamba na ya sehemu za chombo hayafanani kutoka kijiji hadi kijiji, na tofauti hizo zenyewe ni elimu. La tatu ni ruhusa. Yapo mambo mzee husema kisha akaomba yasitoke nje ya nyumba, kama vile dua za kushushia chombo au alama za mwamba wenye samaki ambao ukoo wake umeutegemea miaka mingi, na hayo nayafuta mbele yake, akiona. Wenzangu wa chuoni huniambia kwamba nafuta data. Najibu kwamba mwamba ule ni chakula cha watu, na ramani yake ikishawekwa mtandaoni haitarudi tena.

La nne ni nakala. Kila nilichorekodi huwekwa katika diski na kupelekwa kwa familia, na nakala nyingine kwa sheha na skuli ya kijiji, kabla sijawapa watafiti. Nimeona rekodi nyingi za watu wetu ambazo ziko salama kabisa katika makabati ya miji ya mbali, na ambazo wajukuu wa waliorekodiwa hawajapata kuzisikia.

Msimu huu wa kaskazi nakusudia kukaa Kojani wakati wavuvi wanajiandaa na dago, nirekodi hesabu ya miongo kutoka wa kwanza hadi gatha kwa wazee watatu wa nyumba tofauti, kila mmoja peke yake na mwanafunzi wake, ili tofauti zao zionekane. Baada ya hapo nitakwenda Jambiani kwa akina mama wa usumba. Na kama wewe unayesoma una kaseti ya zamani nyumbani, iwe Chake Chake, Mombasa au Muscat, yenye sauti ya nahodha, serahangi au fundi wa vyombo akizungumza, tafadhali itoe kwenye joto na unyevu, usiicheze katika redio iliyochakaa inayokula ukanda, na tafuta mtu wa kukunakilia mapema. Mimi nikiwa Wete nitainakili bila malipo, na kaseti yako utaondoka nayo siku hiyo hiyo.